Trapeza ya Jabari iko utosini: namna ya kuipiga picha ukiwa Tanga

Lala chali juu ya mkeka uani kwako, katikati ya Desemba, kwenye saa sita na nusu usiku. Tazama juu wima, bila kuegemeza macho upande wowote. Unautazama upanga wa Jabari, kundinyota liitwalo pia Orion.

Tanga iko nyuzi 5 na dakika 4 kusini mwa ikweta. Trapeza, ule ushada wa nyota nzito ulio katikati ya upanga huo, uko nyuzi 5 na dakika 23 kusini mwa ikweta ya anga. Tofauti haifiki hata upana wa Mwezi mpevu. Mwenzetu wa Bagamoyo ataukosa utosi kwa nyuzi moja hivi, naye hana sababu ya kulalamika. Mtu wa London haioni Trapeza ikipanda zaidi ya nyuzi 33 juu ya upeo, na mwanga unaomfikia umepita kwenye hewa iliyo karibu mara mbili ya yetu. Ukitaka kupiga picha zenye kutenganisha nyota zilizobanana, hewa ndiyo adui, na sisi tumepewa ile nyembamba kuliko zote. Mwongozo huu wote unahusu hewa. Darubini ni sehemu ndogo tu.

1. Jua unachokitafuta

Zitafute zile nyota tatu za Jabari zilizojipanga mstari. Kusini mwake kuna vinyota vitatu hafifu, ndio upanga. Cha katikati kina ukungu: hiyo ni nebula, na ndani yake ndimo ilimo Trapeza, kiini cha fungunyota changa lililo umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi. Umri wake ni miaka milioni moja au mbili, wakati Jua letu lina bilioni 4.6. Nyota nne kuu zinaitwa A, B, C na D. C ndiyo bibi harusi: uzito wake unapita mara 30 uzito wa Jua, na sehemu kubwa ya ule ukungu unang'aa kwa sababu yake.

Galileo alizichora nyota tatu mwaka 1617. Ya nne ilionekana mwaka 1673. Mwanafalaki Struve aliiona ya tano, E, mwaka 1826, na mwenzake John Herschel akaiona ya sita, F, mwaka 1830. Hizo mbili za mwisho ndizo shabaha yetu. E iko sekunde 4 za tao hivi kutoka A, na F iko umbali kama huohuo kutoka C. Sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi. Ni kama kutazama sentimita moja ya uzi wa katani ukiwa kilomita mbili mbali nayo. Utasema sekunde nne ni nyingi. Ndiyo, lakini F ni hafifu mara mia hivi kuliko C, na hewa ikichafuka C huvimba ikaimeza.

Tukubaliane na mipaka pia. C yenyewe ina mwenza wa karibu sana, aliyegunduliwa na mwanafalaki Gerd Weigelt na wenzake kwa darubini ya mita 6 iliyoko Urusi, wakatangaza mwaka 1999. C na mwenza huyo walitengana kwa sekunde 0.033 tu. Darubini ya inchi 8, yaani upana wa kioo chake, haitenganishi nyota zilizobanana kuliko sekunde 0.58. Huyo mwenza si riziki yetu, ila njia waliyotumia kumpata ni ndugu wa hii ninayokueleza: picha nyingi fupi sana, kisha hesabu.

2. Chagua usiku na saa

Msimu ni wa kaskazi. Katikati ya Desemba Trapeza hufika utosini kwenye saa sita na nusu usiku, katikati ya Januari saa nne na nusu, katikati ya Februari saa mbili na nusu, yaani ukishasali Isha tu. Desemba mawingu ya vuli bado yanatega. Mimi naipenda Februari.

Mwezi usikusumbue, na taa za mji hali kadhalika. Hapa watu wengi hukosea, wakidhani lazima wakodi gari mpaka mashamba ya mkonge kutafuta giza. Ukitaka ukungu wa nebula, nenda shamba. Ukitaka nyota zenyewe, hata barabara za Ngamiani zinatosha. Nyota hizi zina mwanga wa kutosha. Kinachotakiwa ni utulivu.

Kabla ya kubeba vitu, toka nje utazame zile nyota angavu, Shira (Sirius) na Ibuti la Jauza (Betelgeuse). Zikiwa zinamemeta kwa rangirangi hata zikiwa juu sana, kunywa kahawa yako ukalale. Zikiwa zimekaza kama taa, beba.

3. Mahali pa kuweka darubini

Mwaka wangu wa kwanza niliisimamisha barazani, nyumbani Makorora. Saruji imepigwa jua kutwa, nyuma yangu paa la bati la jirani. Trapeza ilichemka kama uji wa ulezi. Sikuitazama saruji, nikalaumu vioo. Usiku tatu mfululizo nikalegeza na kukaza skrubu, hadi vioo vikatoka kabisa kwenye mstari na nyota ikawa na mkia kama komba. Usiku wa nne nilipovua ndala ndipo nilipoelewa: sakafu ilikuwa bado ina moto, na ilikuwa saa tano.

Saruji, lami, mawe na bati hukaa na joto la mchana na kulitoa usiku kucha. Joto hilo likipanda mbele ya darubini, basi. Tafuta majani au mchanga. Kaa mbali na ukuta unaotazama magharibi, kwa kuwa ndio uliopigwa jua la mwisho. Jiko la mkaa la jirani aliye upande wa upepo linatosha kuharibu kazi, na usije ukawasha dawa ya mbu ya kuchoma chini ya darubini: ule moshi na joto vyote vinapita mbele ya kioo. Dawa ya kupaka yenye DEET nayo inayeyusha plastiki, kwa hiyo jipake kisha nawa viganja kabla ya kushika kamera. Suruali ndefu na soksi ndiyo dawa yangu.

Siku hizi nakwenda ufukweni upande wa Raskazone. Usiku mmoja mzee mmoja mvuvi alisimama kunitazama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unavua nini huko juu?"

"Nyota, babu. Lakini leo zinachezacheza, hazishikiki."

"Ngoja umande uingie. Hapo kati utazipata zimetulia."

Umande kwa wavuvi si majimaji ya alfajiri tu, ni upepo wa bara vilevile. Alichokuwa akisema ni kwamba upepo wa bahari ukifa, na ule wa bara kabla haujashika, kuna kituo kidogo ambacho hewa haijaamua iende wapi. Nilingoja. Kwenye saa sita kasoro C iligeuka kuwa kitone chenye pete moja nyembamba kuizunguka, na pembeni mwake F ikakaa kimya, nukta ya kalamu. Dakika ishirini hivi, kisha ikachafuka tena. Tangu siku hiyo naandika saa ya kila faili na hali ya upepo.

Umande ule mwingine, wa maji, nao upo. Pwani kioo cha mbele hulowa chini ya saa moja. Kipande cha mkeka wa plastiki, kilichoviringishwa mbele ya darubini kikazidi mdomo wake kwa mara moja na nusu ya kipenyo, kinasaidia kuliko vifaa vya bei mbaya.

4. Vifaa, na kwa nini inchi 8 inatosha

Darubini ya inchi 6 hadi 8. Kamera ndogo ya sayari, ile inayochomekwa mahali pa kipande cha jicho na kupeleka video kwenye kompyuta. Lenzi ya Barlow, ile ya kukuza picha, ya mara mbili. Filta nyekundu. Betri ya volti 12, ya bodaboda inatosha.

Wenye mfuko mnene hukimbilia inchi 12. Mwaka 1978 mwanafizikia David Fried alikokotoa uwezekano wa kupata fremu ya bahati, yaani ile ambayo kwa kitambo kifupi hewa iliyo mbele ya kioo chote imetulia. Chukua usiku wa kawaida ambapo hewa inaivimbisha nyota hadi sekunde 2.5 za tao. Kwa hesabu yake, darubini ya inchi 8 hupata fremu njema moja katika kila nane hivi. Ya inchi 10 hupata moja katika themanini. Ya inchi 12, moja katika elfu. Kioo kikubwa kinahitaji nguzo pana ya hewa itulie kwa pamoja, na hewa ni kama darasa la chekechea: wanane utawanyamazisha, elfu huwezi.

Filta nyekundu ni kwa sababu hiyohiyo. Hewa huusumbua mwanga mwekundu kidogo kuliko wa buluu. Nyota hizi ni za buluu kwa asili na utapoteza mwanga kiasi, lakini zinao wa kutoa sadaka.

Kifaa kimoja cha kusahihisha mtawanyiko wa rangi ambacho wenzetu wa kaskazini hukinunua kwa bei kubwa, wewe kiache dukani. Utosini hewa haitawanyi rangi.

Kuhusu vipimo: darubini ya inchi 8 yenye urefu wa fokasi wa milimita 2,000, ukiitia Barlow ya mara mbili na kamera yenye pikseli za mikroni 2.9, kila pikseli itafunika sekunde 0.15 za tao. Hapo ndipo pazuri. Bila Barlow pikseli moja inafunika 0.30 na nyota inakuwa ya mrabamraba.

5. Stendi, na ubaya wa utosi

Neema ya kuwa na Trapeza utosini ina mwiba wake. Stendi inayopanda-kushuka na kuzunguka, ile ya darubini nyingi za bei nafuu, hupotea njia utosini: ili kufuata nyota inayovuka pale inalazimika kuzunguka nusu duara kwa ghafla. Usigombane nayo. Piga saa moja kabla au saa moja baada. Nyota itakuwa nyuzi 15 kutoka utosini, na hewa imeongezeka kwa asilimia 3 au 4 tu. Hutaona tofauti.

Stendi ya ikweta ina taabu nyingine. Mhimili wake lazima uelekee ncha ya kusini ya anga, na kwetu ncha hiyo iko nyuzi 5 tu juu ya upeo, nyuma ya minazi na nyumba za watu. Stendi nyingi zimeundwa kwa watu wa Ulaya na skrubu yake inagota kabla ya kushuka hadi 5. Nyanyua mguu wa upande wa kaskazini au fupisha wa kusini, taratibu, huku mtu ameishika darubini. Kuelekeza kwa dira na kipimo cha seremala cha matone kunatosha. Hatupigi picha za dakika kumi.

Huna mota kabisa? Acha anga litembee lenyewe. Nyota husogea karibu sekunde 15 za tao kila sekunde ya saa. Kwa fremu ya milisekunde 10 huo ni mwendo wa pikseli moja. Kamera yenye upana wa pikseli 1,900 itaishikilia Trapeza kwa sekunde 19 kabla haijatoka. Irudishe, rekodi tena. Kazi ya subira, lakini A, B, C na D utazipata safi. E na F zinataka mota.

6. Poza, panga vioo, shika fokasi

Toa darubini nje dakika 60 kabla, zaidi kama ilikuwa chumbani chenye kiyoyozi. Ikitoka kwenye kiyoyozi usifungue vifuniko mara moja, maana kioo baridi kwenye hewa ya pwani hulowa papo hapo.

Mpangilio wa vioo utazame kwa nyota iliyo juu, Rijili kwa mfano. Iondoe kidogo kwenye fokasi hadi ionekane pete ndani ya pete. Pete zikiwa zimebanana upande mmoja, gusa skrubu robo ya mzunguko, si zaidi, kisha irudishe nyota katikati uangalie upya. Fokasi ishike juu ya C yenyewe, kwa fremu za milisekunde 5, ukitazama kioo cha kompyuta kwa muda wa pumzi kumi. Usiamini fremu moja. Fokasi nzuri ni ile ambayo fremu zake njema zinakuwa njema zaidi. Joto likishuka, rudia.

7. Rekodi

Programu za kurekodi kama SharpCap au FireCapture zinafaa. Punguza eneo la picha hadi pikseli 640 kwa 480 ili kasi ipande. Hifadhi faili za video za SER, biti 8.

Fanya mikupuo miwili. Wa kwanza milisekunde 5 hadi 15, geini ya kadiri, kilele cha C kwenye histogramu, ule mchoro wa kiasi cha mwanga, kisipite asilimia 70. Huu ni wa nyota nne kubwa. Wa pili milisekunde 30 au 40, ukiacha C iungue, kwa ajili ya E na F.

Dakika moja kwa fremu 100 kila sekunde ni fremu 6,000 na karibu gigabaiti 2 za diski. Rekodi kumi au kumi na tano, zikiwa zimetengana. Usirekodi dakika kumi mfululizo ukadhani umepata zaidi. Hewa hubadilika, na faili moja ndefu itachanganya kituo cha utulivu na vurugu.

8. Chagua na urundike

Programu ya AutoStakkert itapanga fremu kuanzia njema hadi mbaya. Tumia hali ya uso, ile ya Mwezi na Jua, si ya sayari, kisha weka alama moja tu ya kulinganishia, juu ya C. Bakiza asilimia 5. Ndiyo, unatupa fremu 5,700 kati ya 6,000, na roho itakuuma mara ya kwanza. Rundika pia kwa asilimia 1 na asilimia 20 ulinganishe. Asilimia 20 ikiwa sawa na 5, usiku ulikuwa mzuri sana au fokasi ilikuwa mbovu. Mara nyingi ni fokasi.

Halafu acha. Kile kidude cha kunoa picha, wanachokitumia kwa Mshtarii hadi mikanda inang'ara, kwa nyota ni mwongo. Hutengeneza pete na vinundu ambavyo havipo mbinguni.

9. Pima

Picha bila kipimo ni pambo. Zima mota, rekodi nyota ikitembea. Inakoelekea ndiko magharibi. Kwenye usawa wa Trapeza nyota husogea sekunde 14.97 za tao kwa sekunde moja ya saa, na kila fremu ya SER ina muda wake. Ikiwa kwa sekunde 10 imesogea pikseli 998, pikseli moja ni 0.15. Sasa pima A hadi D: inatakiwa iwe karibu 21.5. A hadi B, 8.8. C hadi D, 13.4. Ukikosea kwa zaidi ya asilimia mbili, rudi kwenye mahesabu kabla ya kulaumu nyota.

Kisha linganisha mwanga. A na D kwa kawaida zinakaribiana sana. Lakini A ina mwenza anayepita mbele yake kila baada ya siku 65.43, na kwa saa 20 hivi mwanga wake hupungua zaidi ya nusu. Watu waliitazama Trapeza zaidi ya miaka 350 bila kugundua hilo, hadi miaka ya 1970. Nyota kuu ya B nayo hupatwa kila siku 6.47. Siku utakayoikuta A ni duni kuliko D waziwazi, usifunge kompyuta. Rekodi kila nusu saa hadi Jabari izame.

10. Usidanganywe na mwenza bandia

Utaona kinukta pembeni mwa nyota na moyo utaruka. Kabla hujamwamsha mtu, zungusha kamera nyuzi 90 urekodi tena. Nyota ya kweli hubaki mahali pake kuhusiana na A, B, C na D. Kinukta kikizunguka pamoja na kamera, ni uakisi au uchafu. Kikionekana kando ya kila nyota kwa upande uleule, ni vioo havijakaa sawa, au ni ile pete ya mwanga iliyomegeka kwa sababu ya hewa.

Wataalamu nao walidanganywa, tena kwa kiwango kikubwa. Katikati ya Nebula ya Tarantula, miaka ya nuru 160,000 hivi kutoka hapa, kuna kitu kinaitwa R136a. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wapo walioamini ni nyota moja yenye uzito unaopita mara 2,000 uzito wa Jua. Mwaka 1985 Weigelt huyohuyo na mwenzake Baier, kwa darubini ya mita 1.5 tu huko Chile, waliitenganisha kwa fremu fupi ikawa nyota nane. Mwaka 2022 timu iliyotumia darubini ya Gemini South ya mita 8.1, pia kwa maelfu ya fremu za milisekunde 60, iliikadiria ile kubwa kuliko zote, R136a1, kuwa na uzito wa mara 170 hadi 230 wa Jua. Kila picha ilipokuwa kali zaidi, nyota ilipungua uzito.

Tarantula kwetu haipandi zaidi ya nyuzi 26 juu ya upeo wa kusini, kwa hiyo iache iwe ya kutazama tu. Masika ikianza, futa chumvi kwenye chuma cha stendi kwa kitambaa chenye maji matamu, usiguse kioo, kisha weka darubini ndani ya sanduku lenye vifuko vya silika, vinginevyo Juni utaikuta lenzi ina kuvu kama mkate. Juni hiyohiyo jioni Salibu inakuwa juu kusini, na kando yake kuna fungunyota la Sanduku la Vito, lenye nyota nzito zilizokwisha kukomaa na moja nyekundu katikati ya za buluu. Hapo utahitaji kutazama kusini moja kwa moja, na ile minazi niliyoitaja itakuwa tatizo lako jipya.